Kesi ya Povu na Gari Jeusi la Yohana

Kila nikipita pale uwanjani petu pa kuoshea magari, Area D, mmoja wenu lazima anisimamishe. Juzi ilikuwa zamu ya yule mrefu wa kofia nyekundu. Kaacha kuosha, kaja mpaka barabarani na mabuti yake yanachuruzika maji. "Shikamoo mama. Hivi hili povu la kutangulia lina kazi kweli, au tunawafurahisha wateja tu?" Nilimwitikia marahaba, nikamwambia nawahi kwa fundi cherehani. Ni kweli nilikuwa nawahi, ila swali lile halijibiwi mtu amesimama kwa mguu mmoja. Leo nimekaa, tena goti langu ndilo lililoamua nikae, kwa hiyo sogezeni ndoo zenu mkae nanyi.

Povu lina kazi. Nalisema mapema ili asiyependa maneno mengi aende zake. Lakini lina masharti, na kuna mambo haliwezi kabisa, na hayo sikuyasoma kwenye chupa. Niliyajua kwa sababu ya gari jeusi la dereva mmoja aitwaye Yohana, ambalo nusura litufungie uwanja huu mnaojivunia leo.

Kwanza mjue kazi nilifundishwa na nani. Mzee Ndahani alikuwa Mgogo wa Bahi, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Mimi nilikuwa nauza chai na chapati kando ya uwanja wake. Siku moja waoshaji wake wote walikwenda msibani, na magari yakapanga foleni. Akanitazama, akasema, "Mama Rehema, hizo chapati zitasubiri. Funga kanga kiunoni ushike ndoo." Nikafunga. Chapati bado zinasubiri mpaka leo.

Mzee yule alikuwa na bomba la mgongoni, lile ambalo wafugaji wanapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Lake halikuwahi kutiwa dawa. Alilinunua jipya kwa kazi ya magari tu. Gari likija kutoka Bahi wakati wa mvua, na ule udongo mweusi wa majaruba ya mpunga umelishika mpaka kwenye vioo, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alitia maji na sabuni laini kwenye bomba, akalipulizia gari zima, halafu akaketi kwenye gurudumu kuukuu na kuvuta ugoro. Mteja akilalamika kwamba mzee amekaa tu, alijibiwa, "Sikai. Naloweka." Ugoro ukiisha, aliupitisha mgongo wa kiganja kwenye udongo. Ukiteleza, maji. Bado ukikwaruza, ugoro wa pili.

Kwa hiyo mashine za presha zilipoingia mjini, na ile bunduki inayotema povu kama maziwa yanayofurika sufuriani, wenzangu walishangaa. Mzee aliitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Hili ni bomba langu," akasema, "limevaa suti."

Hilo ndilo la kwanza la kushika kuhusu povu. Kazi yake ni kuloweka. Linashikilia maji na sabuni mahali ambapo maji matupu yangeteremka na kupotea, ili mchanga ulegee na kuondoka kabla sponji haijagusa rangi. Uzuri wake wa kupigia picha si hoja. Nawaona mnavyotia sabuni ya unga na sabuni ya vyombo ili povu liwe nene, mteja arekodi na simu yake. Sabuni ya unga ni ya shuka. Ukiizoesha kwenye gari, inaondoa ule ung'avu wa juu, na rangi inabaki imepauka kama kiatu kisichojua kiwi. Tumieni shampuu ya gari, nyepesi tu. Povu likibaki mlangoni kwa muda wa ugoro mmoja bila kukauka, limetosha.

Na lisikauke, nasema tena. Jua letu hili la saa saba mnalijua. Boneti nyeusi wakati huo unaweza kukaangia yai. Ukilipulizia povu hapo linakauka ukiwa bado umeshika bunduki, linaacha ramani nyeupe, halafu unaanza kusugua ramani, na umeongeza kazi badala ya kuipunguza. Sogeza gari kivulini, poza bati kwa maji kwanza, anza povu kutoka chini kupanda juu. Na kama simtanki limejazwa maji ya kisima, onja. Ndiyo, kwa ulimi. Maji mengi ya visima vyetu yana chumvi, povu haliyapendi, na yakikauka yanaacha madoadoa. Hayo yatumieni kwa matairi na chini ya gari, na maji matamu yawekeni ya kumalizia. Wiki ya mgao wa maji ikifika, mkikosa maji ya kutosha kusuuza povu lote, msilipulize kabisa. Rudini kwenye bomba la Mzee Ndahani.

Kuna na gari ambalo halitaki povu la kwanza. Ilikuja fuso kutoka Kibaigwa, imebeba pumba za mahindi, na turubai lilikuwa limepasuka njiani. Gari zima limepakwa unga. Mwenyewe kaona povu kwa jirani, analitaka na yeye, tena jingi. Waoshaji wangu, maana Mzee alikuwa ameshaniachia uwanja, wakampa. Kumbe pumba zikipata maji na sabuni na jua, zinashikana. Ilibidi tuikwangue ile fuso kwa mikono kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na yeye kakaa pembeni anatuuliza kama uji umeiva. Vumbi jingi kavu, pumba, saruji, vyote hivyo vipulizwe kwanza kwa upepo, halafu maji matupu, ndipo povu lifuate.

Sasa Yohana.

Yohana alikuja Dodoma na ofisi yake, enzi ofisi za serikali zilipohamia huku. Alikuwa dereva wa mkubwa mmoja ambaye jina lake halituhusu. Mtu nadhifu kama yeye sijapata kuona: shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, viatu unaweza kujitazama. Alilipenda gari lile jeusi kwa upendo wa kweli. Likiwa linaoshwa alisimama hatua chache pembeni, mikono nyuma, anafuata kila kiganja kwa macho. Yeye ndiye aliyetuletea madereva wengine wa ofisi ile, mmoja baada ya mwingine, mpaka uwanja wetu ukawa unaishi kwa magari yao. Nilimheshimu kama kaka.

Gari lilikuwa jipya. Kabla halijakaa hata msimu mmoja wa kiangazi, likaanza kuonyesha michirizi. Kivulini huioni. Likitoka juani, boneti yote ina nyuzinyuzi nyeupe. Mkubwa wake aliziona siku moja anateremka, akauliza.

Basi akaja uwanjani Bi. Tumaini, mama aliyesimamia magari ya ofisi ile. Alikuja na Yohana. Si mtu wa kelele. Alisalimia vizuri, akazunguka gari, akaniita. "Mama Rehema, mimi sitafuti ugomvi. Lakini gari limeharibika, na linashikwa na watu wawili tu, Yohana na nyinyi. Mwisho wa mwezi nataka kujua ni nani. Kama ni nyinyi, magari yetu yote yanahama. Kama ni yeye, anakabidhi ufunguo."

Nikamwangalia Yohana. Yohana akaangalia chini, halafu akasema, "Bi. Tumaini, mimi naliangalia gari hili kuliko nyumba yangu. Michirizi ilianza walipoanza povu. Povu lile lina dawa inakula rangi."

Iliniuma. Naisema wazi kwamba iliniuma, kwa sababu hakuwa na hila. Aliamini alichosema, na macho yalikuwa yamemlowa. Waoshaji wangu walitaka nimjibu palepale, wengine wakasema tuache povu ili yaishe. Nikawaambia hapana. Tukiliacha tutakuwa tumekiri, na bado hatutajua kama ni kweli. Kama povu linakula rangi, nitakuwa wa kwanza kulimwaga. Kama halili, halitoki hapa kwa uvumi.

Nilikwenda gereji nikapewa mlango mweusi wa gari lililopata ajali. Fundi rangi akaung'arisha mpaka ukawa kioo. Nikaugawa kwa solotepu sehemu tatu, nikauegesha kando ya barabara upigwe vumbi mchana kutwa. Kila jioni niliuosha mwenyewe, sikumwachia mtu. Sehemu ya kwanza, sponji moja kwa moja juu ya vumbi. Ya pili, maji ya presha kwanza, ndipo sponji. Ya tatu, maji, povu, ugoro mmoja, maji tena, ndipo sponji. Sivuti ugoro, kwa hiyo nilikuwa nakunywa kikombe cha chai taratibu. Watu walinicheka. Wateja waliuliza kama nimeanza biashara ya milango.

Mwezi ulipokaribia kuisha nikautoa mlango juani. Sehemu ya kwanza ilikuwa imejaa mikwaruzo, aibu tupu. Ya pili ilikuwa na michache. Ya tatu ilibidi uinamishe kichwa na kutafuta. Na rangi haikuwa imeliwa popote. Hapo ndipo povu lilipopata heshima yangu, na hapo ndipo nasimama mpaka leo mtu akiniuliza. Maji ya presha yakitumika vizuri yanafanya sehemu kubwa ya kazi. Povu linamalizia pale maji yanaposhindwa. Kwa gari jeusi kwenye vumbi hili la Dodoma, kumalizia huko si anasa.

Mzee Ndahani alikuwa ameshazeeka wakati huo, hafanyi kazi, ila alikuja kuutazama mlango. Akaupapasa, akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza. "Hii mikwaruzo ya sponji imekaa duara-duara. Ile ya gari la Yohana imekaaje?"

Nikakumbuka. Ilikuwa imenyooka. Mistari mirefu, kutoka ukingo wa boneti kwenda katikati, yote upande mmoja. Hakuna mwoshaji wangu anayeosha hivyo. Nilijua sasa kwamba hatukuwa sisi, lakini sikujua ni nini.

Nikaamua kuupeleka mlango kwa Bi. Tumaini auone kwa macho yake. Bajaji mbili zilikataa. Ya tatu dereva wake alicheka, akakubali, na mimi nikapakia mlango mapajani, umetokeza huku na huku, mpaka ofisini kwao. Askari wa getini akaniuliza gari lenyewe liko wapi. Nikamwambia linakuja kwa awamu.

Niliposhuka kwenye maegesho, ule upepo wa mchana wa Dodoma ulikuwa umeanza, unainua vumbi jekundu na kulimwaga juu ya magari. Yohana alikuwa pale, hakuniona. Alitoa kitambaa cha njano mfukoni, kikavu, kimekunjwa vizuri. Akasimama ubavuni mwa boneti, akanyoosha mkono, akafuta kutoka ukingoni kwenda katikati. Pole pole, kwa uangalifu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Akakunja kitambaa, akafuta tena. Upepo ukarudi na vumbi lake. Naye akaanza upya.

Nilisimama na mlango wangu. Nilikuwa nimekuja kutetea uwanja wangu, na utetezi wote nilikuwa nao mkononi. Lakini ngazi za kwenda kwa Bi. Tumaini zilikuwa mbele, na mtu ambaye angepoteza ufunguo nikizipanda alikuwa ndiye huyu, aliyeliharibu gari kwa kulipenda.

"Yohana," nikamwita.

Akageuka. "Mama Rehema? Shikamoo. Huo mlango wa nini?"

"Marahaba. Nipe hicho kitambaa."

Akanipa, hajui. Nikaulaza mlango chini, nikamwonyesha sehemu ya tatu, ile ya povu, ilivyo safi. Nikachota vumbi kidogo pale pale miguuni petu, nikalinyunyiza juu yake, nikafuta mara moja kama alivyofuta yeye. Nikauinua mlango uelekee jua. Mistari ilikuwa imenyooka, kama ile ya boneti.

Akautazama mlango, akalitazama gari. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, baba yangu alikuwa dereva. Alinifundisha gari la mkubwa halikutwi na vumbi. Akitoka pale alikute hivi, atasema mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Najua."

"Utamwambia Bi. Tumaini?"

"Nitamwambia povu halina kosa, na nitamwonyesha mlango. Akiniuliza jingine sitamdanganya. Ila nataka alisikie kutoka kwako, si kwangu. Mimi nitakaa hapa kwanza."

"Akichukua ufunguo je?"

"Akichukua, atakuwa amechukua kwa mtu aliyesema ukweli. Sina kingine cha kukuahidi, kaka yangu."

Akavuta shati likae sawa. Halafu akainama, akaunyanyua ule mlango, akaupanda nao ngazi yeye mwenyewe. Nilimfuata baada ya kitambo. Nilipoingia alikuwa ameshasema. Kitambaa cha njano kilikuwa juu ya meza ya Bi. Tumaini, na Yohana amesimama, mikono nyuma.

Bi. Tumaini alinyanyuka, akaenda dirishani. Nami nikasogea. Chini kule kwenye maegesho madereva walikuwa wamejipanga, kila mmoja na gari lake na kitambaa chake, wanafuta vumbi. Wengine walitumia vile vifagio vya manyoya. Ni desturi yao. Hakuna aliyewahi kuwaambia vingine, na kila mkubwa aliyetoka akakuta gari linang'aa alifurahi.

"Basi ni wote," akasema. Akageuka. "Yohana, ufunguo ubaki kwako. Lakini kuanzia sasa gari haliguswi kikavu, hata likifunikwa na vumbi lisionekane rangi. Utaweza?"

Akakitazama kile kitambaa cha njano mezani. "Nitaweza," akasema. Naamini lile ndilo jambo gumu zaidi aliloahidi maishani.

Tuliposhuka sikuondoka, nilikuwa nasubiri bajaji ya kukubali mlango. Upepo ulikuwa haujatulia. Gari jeusi lilikuwa limeshakuwa jekundu. Madereva wenzake wakamwita, "Yohana, mkubwa anashuka, futa gari." Hakufuta. Mkono mmoja ulikwenda mfukoni kwa mazoea, ukakuta mfuko mtupu, ukarudi. Akaiweka mikono yote miwili nyuma, akaifunga vidole, akasimama wima.

Mkubwa akatoka. Akalitazama gari, akamtazama Yohana kwa shati lake lililonyooshwa. "Leo kuna vumbi, Yohana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Lina sababu. Nitakueleza njiani."

Mkubwa akapanda. Mlango ukafungwa.

Yale magari hayakuhama. Fundi rangi alipunguza ile mistari, si yote, na nyuma ya boneti ukijua pa kutazama bado ungeiona. Nanyi mkiulizwa na mteja kama povu lina maana, mjibuni kwamba lina maana kwa mtu ambaye hatakwenda kulifuta gari kikavu kesho yake asubuhi. Mkimwona anafuta, mwambieni, hata kama ni mteja wenu mkubwa kuliko wote. Msiogope. Mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni.

Jioni ile Yohana alilileta gari uwanjani na vumbi lake zima, halina alama hata ya kidole. Nililiosha mwenyewe. Maji, kisha povu kutoka chini kwenda juu, kisha nikakaa kwenye lile gurudumu kuukuu la Mzee Ndahani na kikombe changu cha chai. Povu likawa linateremka taratibu, jekundu, na chini yake weusi unarudi. Yohana alikuwa amesimama pale pale pake pa siku zote, hatua chache pembeni. Nikatazama, nikaona vidole vyake nyuma bado vimefungwa kwa nguvu kama pale maegesho.

"Yohana," nikamwambia, "sasa unaweza kuachia mikono."